Mr. McMahon: Wacha Kuuliza Kama ni Maigizo, Uliza Nani Alilipa

Wasee, tangu Netflix waachilie ile dokumentari ya *Mr. McMahon* mnamo Septemba 25, 2024, nimekuwa nikifuatilia vile watu wanaiongelea. Sehemu sita, mwelekezi ni Chris Smith, yule yule wa ile ya Fyre Festival. Kila nikikutana na mtu ameitazama namuuliza ameonaje. Majibu ni mengi lakini ukiyapanga vizuri utapata makundi matatu tu.

Kundi la kwanza ni wale wamekula mieleka tangu utotoni. Hawa wanasema hakuna jipya. Montreal wanajua, kesi ya steroidi wanajua, Owen Hart wanajua. Kwao hii ni kama kuhadithiwa hadithi ya familia yenu na mgeni.

Kundi la pili ni wale hawajawahi kujali mieleka. Walianza kutazama juu mtu wa nyumba alikuwa ameweka, wakashtuka. Hawaamini kwamba mtu anaweza kuanguka kutoka kwenye paa la ukumbi mbele ya watu, afe, na shoo iendelee usiku huo huo.

Kundi la tatu ni la wanaoshuku. Wanauliza: si Netflix ndio hao hao walitangaza Januari 2024 kwamba wamechukua *Raw* kwa miaka 10, kwa zaidi ya dola bilioni 5? Na si *Raw* ilianza huko Januari 6, 2025? Sasa utamchunguza vipi mtu wakati unafanya biashara na kampuni aliyoijenga? Swali halali kabisa.

Makundi yote matatu yana ukweli wake. Shida yangu ni moja. Mjadala ukipamba moto, wote huishia kwenye swali moja: huyu Vince McMahon wa kweli ni yupi, na yule bosi mbaya wa kwenye runinga ni nani? Mtu na mhusika wanaachana wapi? Hata dokumentari yenyewe imejengwa juu ya hilo swali. Na McMahon mwenyewe analipenda sana. Siku chache kabla itoke alitoa taarifa akilalamika kwamba watengenezaji wamemchanganya yeye na mhusika anayemwigiza.

Mimi nasema hilo swali ni mtego. Ni swali ambalo yeye mwenyewe amelitumia maisha yake yote kukwepa swali lingine, la maana zaidi. Na historia inaonyesha. Tukae chini kidogo.

Ruti za watu

Vince alizaliwa 1945 huko North Carolina. Babake, Vincent James McMahon, alikuwa promota wa mieleka, na babu yake Jess pia alikuwa promota. Lakini Vince hakukulia kwa babake. Alikutana naye mara ya kwanza akiwa na miaka 12. Mwaka wa 1982 akainunua kampuni ya huyo mzee na washirika wake.

Ili uelewe alichofanya baada ya hapo, fikiria matatu. Kila sacco ina ruti yake. Ukileta gari lako kwa ruti ya wenyewe bila kuongea na mtu, utajua hujui. Mieleka ya Marekani ilikuwa hivyo. Nchi iligawanywa kwa maeneo, kila promota na lake, na kulikuwa na heshima fulani kwamba huingii kwa mwenzako. Mzee McMahon alikuwa na upande wa kaskazini mashariki, New York na majirani zake, na aliheshimu huo mpangilio.

Mtoto hakuheshimu. Televisheni ya kebo ilikuwa inaenea, na Vince akaona kwamba shoo moja inaweza kuingia sebule za nchi nzima. Akaanza kuwachukua mastaa wa mapromota wengine na kununua nafasi zao za runinga. Hulk Hogan alimtoa kwa promota wa Minnesota. Januari 1984 Hogan akamshinda Iron Sheik pale Madison Square Garden, na biashara ikawaka. Machi 31, 1985 ikaja WrestleMania ya kwanza, Muhammad Ali akiwa refa wa pembeni. Miaka miwili baadaye, kwenye WrestleMania III huko Pontiac, kampuni ilitangaza watu 93,173. Mpaka leo watu wanaofuatilia hii historia wanabishana kama hiyo namba ni ya kweli. Ona hiyo: hata hesabu ya mashabiki ilikuwa sehemu ya shoo.

Watazamaji wengi wakifika hapa wanampigia makofi. Jamaa aliona mbele. Na ni kweli, aliona mbele. Lakini wale mapromota wadogo walifunga, mmoja baada ya mwingine. Kwa mwanamieleka wa kawaida, hii ilimaanisha nini? Zamani ukikosana na bosi wa eneo moja, unabeba begi unaenda eneo lingine. Maeneo yakiisha, bosi anabaki mmoja. Weka hiyo akilini, tutairudia.

Ukweli unasemwa ukiwa na faida

Kuna neno la wanamieleka wenyewe, *kayfabe*. Ni ile siri ya kazi: kutokubali kamwe mbele ya watu kwamba matokeo yamepangwa. Adui wa ulingoni hamuonekani mkikula pamoja. Siri ililindwa kwa miaka mingi. Sisi huku ilitufikia vizuri sana, kwa sababu kila mtaa ulikuwa na mtoto aliyeapa kwamba Undertaker alikufa akafufuka.

Basi nani aliivunja siri? Kampuni ya Vince yenyewe. Mwaka wa 1989, mbele ya maseneta wa jimbo la New Jersey, walisema wazi kwamba mieleka ya kulipwa ni burudani, si mashindano. Kwa nini? Kwa sababu michezo kama ndondi ilisimamiwa na tume ya jimbo, na kusimamiwa kunakuja na leseni na kodi. Ukisema wewe si mchezo, unatoka kwenye mikono yao.

Hapo ndipo ninapoona mchezo wote. Ulingoni ni kweli, kwa sababu ukweli unauza tiketi. Serikalini ni maigizo, kwa sababu maigizo yanapunguza gharama. Jibu halitegemei ukweli. Linategemea ni nani anauliza, na linagharimu pesa ngapi.

Huru kwa jina

Swali lile la maana ambalo linakwepwa ndilo hili: gharama ililipwa na nani?

Wanamieleka wa Vince hawakuandikwa kama wafanyakazi. Waliandikwa kama makandarasi huru. Huru, lakini kampuni ndiyo ilikuambia utaitwa nani, utashinda lini, utapigana wapi kesho. Bima ya afya juu yako, na gharama nyingi za barabarani juu yako pia. Mwaka wa 1986 Jesse Ventura, ambaye baadaye alikuja kuwa gavana wa Minnesota, alijaribu kuwashawishi wenzake waunde chama cha wafanyakazi. Habari zikamfikia Vince haraka. Miaka baadaye Ventura alipoishtaki kampuni, ndipo ikajulikana kwa kiapo kwamba aliyepeleka maneno ni Hulk Hogan. Staa mkubwa kuliko wote, yule aliyekuwa akiwaambia watoto wale vitamini na kusali.

Halafu steroidi. Mwaka wa 1991 daktari mmoja wa Pennsylvania, George Zahorian, alipatikana na hatia ya kuwauzia dawa hizo wanamieleka. Serikali ikamgeukia Vince, na 1994 akafika mahakamani. Jopo la mahakama likamwachilia. Hilo lazima lisemwe kwa haki: alishtakiwa na hakupatikana na hatia. Lakini miili ile ilikuwa mbele ya macho ya kila mtu, na promota aliyependa wanaume wenye misuli kama magunia ya saruji alikuwa mmoja. Kama kazi ni moja tu na bosi ni mmoja tu, utakataa vipi?

Mei 23, 1999, huko Kansas City, Owen Hart alikuwa anateremshwa kwa kamba kutoka juu ya ukumbi kama sehemu ya shoo. Akaanguka. Alikuwa na miaka 34. Shoo iliendelea. Kesi ya familia yake iliisha 2000 kwa malipo ya karibu dola milioni 18.

Novemba 2005 Eddie Guerrero akapatikana amekufa hotelini, na ndipo mapema 2006 kampuni ikaanzisha mpango mpya wa kupima dawa na afya. Juni 2007 Chris Benoit akamuua mkewe na mtoto wao, kisha akajiua. Kabla ukweli wote kujulikana, kampuni ilishapeperusha shoo nzima ya kumkumbuka. Uchunguzi wa ubongo wake ulionyesha uharibifu mkubwa.

Sasa niambie. Katika hayo yote, swali la "mhusika ama mtu" linasaidia wapi? Kamba iliyomwachilia Owen haikuwa ya mhusika.

Bosi tunayependa kumchukia

Novemba 9, 1997, Montreal. Bret Hart alikuwa bingwa, na alikuwa anaelekea kwa wapinzani, WCW. Alikuwa amekubaliana na Vince jinsi pambano lingeisha. Vince akabadilisha bila kumwambia. Kengele ikapigwa, Bret akapoteza ubingwa mbele ya watu wa nchi yake mwenyewe, hajasalimu amri.

Mashabiki walikasirika kweli. Mtu mwingine angejificha. Vince aliona hasira na akaona bidhaa. Hapo ndipo mhusika Mr. McMahon alipozaliwa: bosi katili wa suti, anayefuta watu kazi hovyo. Akamweka upande mmoja, upande wa pili Stone Cold Steve Austin, mfanyakazi anayempiga bosi. Nani hajawahi kutamani hivyo? WCW waliokuwa wamewaburuza kwa zaidi ya wiki 80 mfululizo kwenye vita vya Jumatatu wakazidiwa, na Machi 2001 Vince akawanunua. Bosi amebaki mmoja tena.

Lakini angalia ni nini kiliwezekana sasa. Ukishakuwa na mhusika mbaya, kila ubaya una kisingizio. Mwaka wa 2001 Trish Stratus aliambiwa na Mr. McMahon, mbele ya ukumbi mzima, apige magoti abweke kama mbwa. Ilikuwa kwenye hadithi, ndiyo. Lakini aliyeidhinisha hadithi zote ni nani? Si ni huyo huyo?

Simba Saba, ama ni Saba Simba?

Kuna hadithi moja nataka tuongee kwa sababu inatuhusu sisi, wa upande huu wa dunia.

Tony Atlas, mtu wa Virginia. Mwaka wa 1983, yeye na Rocky Johnson, babake The Rock, walikuwa timu ya kwanza ya Weusi watupu kushika ubingwa wa wawili wawili kwenye hiyo kampuni. Baadaye maisha yakamchapa mpaka akakosa pa kulala. Mwaka wa 1990 akarudishwa kazini, lakini si kama Tony Atlas. Akavishwa manyoya kichwani, ngao na mkuki mkononi, akaitwa Saba Simba.

Saba Simba! Manze, hata mtoto wa PP1 atakuambia ni simba saba. Maneno yetu yalichukuliwa yakashonwa ovyo, kwa sababu hakuna aliyejali kama yana maana. Yalihitajika tu yasikike ya kutisha.

Na kabla yake kulikuwa na Kamala, Jitu la Uganda. Kwenye hadithi alikuwa mla watu kutoka porini, aliyewahi kuwa mlinzi wa Idi Amin. Miguu mitupu, uso na tumbo vimepakwa rangi, hasemi neno, na nyuma yake msimamizi mwenye kofia ya kikoloni anamwongoza kama mnyama. Kwa ukweli alikuwa James Harris wa Mississippi. Huyu mhusika Vince hakumtunga; alizaliwa Memphis mwaka wa 1982. Vince alimchukua tu akampa jukwaa kubwa, mpaka akapigana na Hogan, na 1992 na Undertaker mbele ya uwanja mzima wa Wembley. Harris alilalamika kwa miaka kuhusu malipo aliyopata. Kisukari kikamfanya akatwe miguu yote miwili. Alikufa 2020.

Mamilioni ya watu walijua Uganda kupitia mtu ambaye si Mganda. Leo ukiingia mtandaoni utawaona vijana halisi wa Uganda, kule Mukono, wakipigana mieleka kwenye ulingo wa matope na nguzo za miti. Wanaitwa Soft Ground Wrestling, na dunia inawatazama. Hawakuhitaji mtu wa kofia kuwaongoza. Nawatakia mema, na nawaombea swali moja lisiwapite: nani ana mkataba, na umeandikwa nini?

Kilichobaki nje ya dokumentari

Juni 2022 gazeti la *Wall Street Journal* liliandika kwamba bodi ya kampuni inachunguza pesa Vince alizolipa kunyamazisha mambo. Julai akastaafu. Januari 2023 akarudi kwa nguvu, kwa sababu kura nyingi za hisa zilikuwa zake, na kampuni ikauzwa. Septemba mwaka huo ikaunganishwa na UFC chini ya TKO. Januari 2024 mfanyakazi wa zamani akafungua kesi akimtuhumu kwa unyanyasaji wa kingono na usafirishaji wa binadamu. Vince alikana, na anaendelea kukana. Akajiuzulu. Januari 2025, kwa suala la mikataba ya malipo ambayo haikufichuliwa kwa kampuni na wenye hisa, alikubaliana na mamlaka ya soko la hisa ya Marekani kulipa faini ya dola 400,000, bila kukiri wala kukana.

Mahojiano yake yalirekodiwa kabla tuhuma hazijatoka hadharani. Baada ya hapo hakukaa tena mbele ya kamera. Ndiyo maana watazamaji wengi wanalalamika kwamba sehemu ya mwisho inaenda mbio, kama mwalimu aliyesahau mada moja na kengele inakaribia kulia. Nawaelewa. Mtu huyu ameongea masaa na masaa kuhusu kila kitu, isipokuwa lile lililobaki.

Kwa nini nakuambia haya

Kwa sababu wengi wetu tunaosoma hapa ni makandarasi huru. Unabeba chakula kwa pikipiki ya mkopo, programu inakuita mshirika. Unaedit video za mtu, anakuita mwanafamilia. Mimi kuna kampuni moja ilinipa kazi ya miezi mitatu. Kwenye mkutano wa kwanza tulikuwa "timu moja", lakini pesa yangu ilipochelewa, ghafla nikawa "mtu wa nje" ambaye lazima asubiri utaratibu. Ni mchezo ule ule wa New Jersey, kwa kiwango cha bob mia. Wewe ni wa ndani wakati wanahitaji jasho lako, na wa nje wakati unahitaji haki yako.

Sisemi usitazame mieleka. Mimi bado natazama, na siku Kofi Kingston, mtoto wa Ghana, alipochukua ubingwa mkubwa Aprili 2019, niliruka kwenye kiti. Wale watu ulingoni wana kipaji kikubwa sana, na maumivu yao ni ya kweli hata kama matokeo yamepangwa.

Ninachosema ni hiki. Ukimaliza zile sehemu sita, usikae hapo ukibishana kama Vince ni Mr. McMahon. Orodhesha walioanguka, waliokosa bima, waliopewa majina ya kipuzi, waliojaribu kuunda chama wakachomwa na mwenzao, halafu uangalie ni nani alitoka na mabilioni. Hesabu hiyo haihitaji kujua mtu ni yupi na mhusika ni yupi.

Kama umeitazama, niambie hapo chini uko kundi gani kati ya yale matatu. Na kama una mkataba wowote mezani wiki hii, usome kwanza ndio urudi kubishana na mimi.